Nimebandika maadili ukutani, wafanyakazi wakanyamaza

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda, hasa ya ndoa na mashamba, na sikujua kama mambo ya kazi nayo ni fungu lako. Nilipoambiwa uliwahi kuwa ofisa wa wafanyakazi kiwandani nikajipa moyo.

Nina duka la uchapishaji hapa mjini, ghorofa ya pili, kwenye vichochoro vya kati ya River Road na Kirinyaga Road. Nilianza mwaka 2014 na meza moja ya kuchapia fulana, skrini mbili za mbao na mkopo wa chama. Leo tuko watu kumi na wawili pamoja nami. Tunachapa fulana, mabango, stika, kadi za harusi, vitabu vya risiti, na vijitabu vya mazishi, ambavyo nikisema ukweli ndivyo vinavyolipa kodi ya duka.

Mwezi wa kwanza nilihudhuria semina ya wenye biashara ndogo kule Naivasha. Siku mbili. Tulifundishwa kwamba biashara isiyojua maadili yake haiwezi kupata wafanyakazi wenye ari, na kwamba ubunifu huota pale watu wanapoamini kitu kimoja. Nilirudi nimewaka. Usiku huo huo nikaandika maneno matano: Uadilifu, Ubunifu, Ushirikiano, Heshima, Ubora. Na kwa kuwa mimi ni mchapaji, sikubandika karatasi. Nilichapa vinaili ya mita tatu, buluu na dhahabu, ikafunika ukuta mzima unaotazamana na mlango. Kila mtu nikampa fulana yenye maneno hayo mgongoni. Nikaanzisha mkutano wa kila Jumatatu saa moja unusu asubuhi, na sanduku la maoni nikaliweka kando ya mtungi wa maji ya kunywa.

Mjomba, sasa ni mwezi wa saba na sijaona kitu.

Jumatatu nauliza, "Nani ana wazo?" Kimya. Unasikia makanga wa chini wakiita abiria. Huyu anatazama simu, yule anakwangua wino kwenye kucha. Nikisema jambo wanaitikia, "Sawa, madam." Nikiuliza kama kuna shida, "Hakuna shida, madam." Sanduku nimelifungua mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta karatasi ya peremende. Mara ya pili halikuwa na kitu. Mara ya tatu nikakuta kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: choo cha juu hakivuti maji. Mimi nataka mawazo ya kukuza biashara, naletewa habari za choo!

Kinachoniuma kabisa ni dizaina wangu. Kijana ana kipaji, lakini kwangu kila kadi ya harusi ni maua yale yale pembeni na njiwa wawili. Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu nganya mpya ya Rongai, yaani matatu ya mapambo, ubavu wote umechorwa, rangi zinataka kuruka zikushike shingo. Akaniambia, "Mama, si hii ni kazi ya yule kijana wako?" Kumbe anaifanya usiku akitoka kwangu. Nilijihisi mtu anayepakuliwa ukoko kwenye sufuria aliyoinunua mwenyewe.

Si kwamba nawatesa. Nawalipa, ingawa wateja wakubwa wakichelewesha hundi mshahara huondoka tarehe tano ukafika kumi na mbili au kumi na nne, na wao wanajua biashara ilivyo. Chai na mandazi ya saa nne ni juu yangu. Sifokei watu ovyo. Niliwahi kuwa mkali mara moja tu, mwezi wa tatu. Vijitabu 300 vya mazishi vilitoka na kosa: marehemu alizaliwa 1939, sisi tukachapa 1993. Familia ilikuja alfajiri ya siku ya kuzika. Ikabidi tuchape upya kwa gharama yetu, na shilingi 6,500 nikazikata kwenye mshahara wa kijana wa mashine. Kosa ni kosa, na Ubora uko ukutani. Binamu yangu anayeshika pesa aliniambia nimefanya vyema, wengine wajifunze. (Huyu binamu naye hufika kazini saa nne, lakini ana mtoto mdogo na ni damu yangu, siwezi kumwandama.)

Sasa kuna bwana amenipa bei ya shilingi 85,000 kwa siku moja ya michezo ya kujenga umoja kule Ngong Hills: kuvuta kamba, mafumbo, nyama choma. Nilipe? Au nianze kumtuza mfanyakazi bora wa mwezi? Au ni kizazi hiki tu, niwaondoe nianze na wapya? Nataka duka ambalo mtu akipanda zile ngazi asubuhi anakuja na moto wake mwenyewe.

Mchapaji,
Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Kile choo kilitengenezwa?

Nauliza kwa sababu barua yako ni ndefu na hilo hukulisema. Miezi sita umekuwa ukiomba wazo na umepata moja. Kuna mtu alisubiri wenzake watoke, akachana karatasi, akaandika kwa risasi, akaikunja mara nne. Taabu yote hiyo kukuambia tu kwamba choo hakivuti maji. Wewe ukaudhika kwamba wazo ni dogo. Lakini anayetaka kuvuka mto asioujua hatangulizi mguu, hutanguliza fimbo. Kikaratasi kile kilikuwa fimbo. Mwenyewe yuko hapo dukani mpaka leo anasubiri kuona imezama kiasi gani, na kila akipanda juu anapata jibu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma ulichotaka nisome: maadili, semina, dizaina na usiku wake. Mara ya pili nikasoma yale uliyoyapitia mbio, na moja ukalifungia kwenye mabano kabisa. Nitajibu haya ya pili.

Tuanze na marehemu wa 1939. Wewe unalijua duka lako kuliko mimi, kwa hiyo nisahihishe nikikosea. Familia ilituma maelezo, huenda kwa WhatsApp, usiku, watu wakiwa na msiba. Dizaina akayapanga kwenye kompyuta. Nakala ya kwanza ikatolewa, na kama familia ilionyeshwa au haikuonyeshwa hukusema. Kijana wa mashine akachapa. Mwingine akakunja, mwingine akapiga pini, mwingine akapanga kwenye boksi, binamu yako akapokea salio na kutoa risiti. Hao ni watu sita, wote wanajua kusoma, na kijitabu chenyewe bila shaka kina picha ya mzee wa watu kwenye jalada, na chini ya picha imeandikwa kwamba alizaliwa mwaka 1993.

Unataka kuniambia hakuna hata mmoja aliyeona? Mimi naweka dau la soda kwamba mkunjaji aliona. Mkunjaji huona jalada mara 300. Akasita kidogo, akamtazama wa pini, wa pini akatazama pembeni, na mikono ikaendelea. Maana angefungua mdomo, kazi ingesimama, mtu angeulizwa, na huyo mtu ni mwenzake anayekula naye mandazi. Kutaja kosa katika duka lako ni kumchongea mwenzako. Pengine hofu hiyo ilikuwapo hata kabla ya ile 6,500. Baada yake imekuwa sheria ya duka, na hiyo hawajaisahau kama walivyosahau ile ya buluu na dhahabu.

Halafu kuna hili la huyo kijana wa mashine. Mashine huchapa ilichopewa. Aliyepindua tarakimu ni aliyeandika kwenye kompyuta, au ni mfiwa aliyetuma ujumbe saa sita za usiku. Wewe ulimkata aliyekuwa amesimama karibu.

Sikunyooshei kidole nikiwa nimeficha changu, kwa hiyo nikuambie ya kwangu. Mwaka 1988 nilikuwa ofisa wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha sharubati hapo Industrial Area, enzi za chupa za glasi. Chupa zilikuwa zikivunjika mno upande wa kupakia. Mimi, kwa akili zangu na tai yangu, nikapendekeza kila chupa inayovunjika ikatwe kwenye mshahara wa mpakiaji. Mwezi uliofuata hesabu ya chupa zilizovunjika ikashuka, wa tatu ikakaribia sifuri. Nikapongezwa mbele ya wakubwa. Miezi minane baadaye bomba la maji machafu likaziba nyuma ya chumba cha boila, fundi akaitwa, akachimba, na koleo lake likalia juu ya glasi. Ilitoka ndoo kwa ndoo. Watu wazima, wenye wake na watoto, walikuwa wakibeba vigae vya chupa chini ya ovaroli, wakienda kuvizika kama wezi. Mmoja wao alivuta suruali akanionyesha kovu kwenye paja.

Hata kovu si lile ninaloliota usiku. Ninaloliota ni kwamba chanzo cha kuvunjika kilikuwa mkanda wa mashine uliolegea kwenye kona, chupa zikifika hapo zinagongana. Kila mpakiaji alijua. Fundi angeukaza kwa nusu saa. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimefaulu kufanya chupa zisivunjike kwenye karatasi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwita fundi.

Wajapani walilitambua jambo hili zamani. Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufuma nguo, na mtambo wake wa mwaka 1924 ulikuwa na jambo moja la ajabu: uzi ukikatika, unasimama wenyewe. Hauendelei kufuma nguo yenye tundu. Baadaye ukoo huo ulipoingia kwenye magari, wazo likahamia kwa binadamu. Juu ya mstari wa kazi pakafungwa kamba, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja, na ikibidi mstari mzima unasimama. Kampuni yao hiyo ya magari, Toyota, ilianzisha mpango wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951. Wewe umeweka sanduku, mwanangu, lakini kamba huna. Aliyeogopa kukuambia kwamba mwaka umekosewa hatathubutu kukuambia kwamba maua yako ya harusi yamechosha watu.

Kuna mama mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi wa uzamifu pale Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye daftari. Alipochimba akaelewa kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, ila zilikuwa zikisema. Nikisoma habari zake huwa nakumbuka lile shimo la nyuma ya boila.

Na kwa kuwa Uadilifu ndilo neno lako la kwanza ukutani, jua pia sheria inasema nini. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Tarakimu mbili zilizopishana usiku wa msiba si makusudi. Kijana yule angekwenda kwa ofisa wa leba, ungekuwa na kazi ya kujieleza, na ile vinaili isingekutetea.

Basi zile 6,500 mrudishie. Na usimpe kimyakimya kwenye bahasha kama mtu anayelipa deni la aibu. Walioona akikatwa waone akirudishiwa.

Sasa binamu. Najua ni mahali pa moto, nami nina binamu. Umesema ana mtoto mdogo, na hiyo ni sababu ya kweli. Lakini hebu niambie, kati ya hao kumi na mmoja, hakuna mwingine mwenye mtoto mdogo? Hakuna anayetoka Kayole au Githurai saa kumi na moja alfajiri akimwacha mtoto kwa jirani ili awahi mkutano wako wa maadili? Kila asubuhi saa nne mtu mmoja anapita chini ya neno Heshima, na wengine kumi wanalisoma upya. Una njia mbili. Mpangie rasmi aanze saa nne, atoke jioni zaidi au apungukiwe kwa kiasi hicho, na utangaze kwamba yeyote mwenye mtoto mchanga anaweza kuomba vivyo hivyo. Au aje saa mbili kama watu. Mimi ningechukua ya kwanza, ni ya kiutu na haikugharimu sana. Ila hili la sasa, la kupewa ruhusa ambayo haijatamkwa kwa sababu ya damu, linakula lile ghorofa lako la pili kama mchwa.

Mshahara sitaurefusha. Mshahara mzuri hauwashi moto wa mtu kwa siku nyingi, lakini unaochelewa huuzima siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba hasikii habari za hundi ya mteja wako mkubwa. Wewe una bahati ambayo wenye maduka wengi hawana: vijitabu vya mazishi hulipwa papo hapo. Fedha hiyo itengee mishahara kabla haijagusa kitu kingine, na hao wakubwa wa hundi waanze kuweka arubuni kabla hujawasha mashine. Mwezi ukibana kweli, waambie ifikapo tarehe mbili. Ukingoja tarehe sita umechelewa, na wa kwako uwe wa mwisho kutoka.

Dizaina ndiye aliyenifanya nitabasamu. Wewe umeona usaliti, mimi nimeona mtu aliye tayari kufanya kazi saa nne za ziada baada ya kazi, bila kulazimishwa na mtu. Hilo la kizazi ulilolisema mwishoni limejibiwa hapo. Moto anao, ila anauwashia mahali pengine. Jiulize mwenye ile nganya anampa nini ambacho wewe humpi. Si pesa tu. Mwenye nganya anataka gari lake likipita watu wageuke, kwa hiyo anamwambia kijana, nishangaze. Anamwachia ubavu mzima. Kazi ikiisha inapita mjini mchana kweupe, na vijana wote wa stejini wanajua ni ya nani. Kwako anachora njiwa wawili, kadi inaingia kwenye bahasha, na hakuna atakayejua kama aliichora yeye au kompyuta. Nashuku pia, na hapa nabahatisha, kwamba siku moja miaka iliyopita alikuletea kitu kipya ukamwambia, "Wateja hawataki hivyo, rudisha yale maua."

Usimkataze kazi za usiku maadamu haziibii duka muda wala wino. Mwite, mmwagie sifa ile nganya kwa dhati, halafu umpe saa mbili kila Alhamisi mchana, wakati duka limetulia, abuni kadi tatu anazozitaka yeye. Usizikague. Zichape, zipange mlangoni pamoja na zile za njiwa, jina lake dogo nyuma, na wateja wachague. Njiwa wakishinda, watakuwa wameshinda kwa haki.

Yale maneno ukutani uyafanyeje? Usiyabandue, watasema hata hayo yamekwisha. Ila usiyategemee. Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa na maneno manne ya namna hiyo, heshima na uadilifu yakiwemo, na Desemba 2001 ikafilisika kwa hesabu za uongo. Sisi wenyewe tumeyaandika maadili ya taifa zima kwenye Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, yamepangwa vizuri sana, na ukitaka kujua kama yameota, chukua matatu jioni ukutane na askari wa barabarani. Neno moja halina mikono. Chukua hilo la Ubora, ukae na mkunjaji, wa pini na wa mashine, uwaulize Ubora ni nini kwenye kijitabu cha mazishi. Nadhani watakupa kitu kama hiki: hakuna kijitabu kinachokwenda mashineni kabla familia haijatia sahihi kwenye nakala ya kukagua, na kabla watu wawili hawajasomeana majina na tarehe kwa sauti. Na yeyote anayeona kosa baada ya hapo anapiga makofi mara mbili, mashine inazimwa, hakuna anayeuliza nani. Hiyo ni kamba. Andika sentensi hiyo kwa maneno yao, hata kwa sheng, uibandike juu ya meza ya kukunjia, na usiipambe dhahabu.

Makofi hayo hayamkingi kila mtu. Anayeuza karatasi zako kwa mlango wa nyuma, au anayekuja amelewa akashika kisu cha kukatia, huyo hana kosa la tarakimu, na njia yake ni nyingine. Sheria ile ile, kifungu cha 41, inataka umweleze shutuma na umsikilize, akiwa na mwenzake aliyemchagua, kabla hujamfukuza. Ukifanya hivyo mbele yao mara moja, watakuamini zaidi hata kwenye yale mengine.

Mfanyakazi bora wa mwezi achana naye. Mko wachache, utafurahisha mmoja na kuwapa kumi kazi ya kukisia kwa nini. Ukitaka kutuza, nenda kwa mtindo wa kina mama wa Green Belt Movement, ile aliyoianzisha Wangari Maathai mwaka 1977: walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliostawi. Kupanda tu hakukuhesabiwa. Wazo la mtu likiokoa karatasi au likileta mteja, hesabuni pamoja baada ya miezi mitatu, na sehemu ya faida hiyo impate yeye na waliolitekeleza.

Na zile 85,000? Kamba ya kuvuta ipo dukani kwako, huna haja ya kuifuata Ngong. Toa humo 6,500 za kijana, toa za fundi wa choo, toa za kuziba pengo la mshahara siku hundi ikichelewa. Mwezi wa kumi na mbili wakikuambia wao wenyewe wanataka kwenda kula mbuzi mahali, nenda nao, na usipeleke mtu wa kuwapigia filimbi.

Jumatatu ijayo usiulize nani ana wazo. Simama, sema jambo moja, fupi: "Mwezi wa tatu nilimkata mwenzenu pesa kwa kosa lililopita mikononi mwetu sote, yangu ikiwemo. Nilikosea. Hizi hapa. Hakuna atakayekatwa tena kwa kosa la bahati mbaya." Mpe, kisha wafungue mashine. Usiwaulize wanaonaje. Watanyamaza, na kimya hicho usikichukie. Wamejifunza kunyamaza kwa miaka, hawataacha kwa dakika tatu za hotuba yako.

Mtihani wako utakuja baadaye, pengine wiki ya pili, pengine mwezi wa pili. Duka limejaa, mteja anagonga kaunta, na mtu atapiga makofi mara mbili. Mashine itazimwa. Mtakagua, na mtakuta tarehe ilikuwa sahihi, aliyesimamisha ndiye aliyesoma vibaya. Mmepoteza dakika kumi na karatasi ishirini. Watu wote watakutazama usoni, binamu yako naye atakutazama. Sema asante, washa mashine.

Lakini hayo ni ya mbele. Leo jioni, wakishatoka, panda juu ukafunue lile tangi la choo. Huenda ni mpira wa chini umechakaa tu, na mafundi wa bomba wa hapo mjini hawakosi spea yake. Na yule aliyeandika kile kikaratasi, usimtafute.